Sura ya Saba: Kidole Kisicho na Haja

Mtaa wa Malakia, katika mji wa Juba, una jina lililobeba tarehe ya watu wake. Katika Kiarabu cha Sudani, malakia walikuwa ni watu raia, yaani wale waliokaa nje ya kambi ya jeshi: askari waliomaliza utumishi, wake zao na watoto wao, mafundi, na wachuuzi walioufuata msafara wa askari kwa kuwa palipo na mshahara hapakosi soko. Waingereza walipoujenga mji wa Juba katika miaka ya 1920, Malakia ikawa miongoni mwa mitaa yake ya kwanza, na lugha iliyosikika humo ilikuwa Kiarabu cha Juba, ndugu wa damu wa Kinubi kinachosemwa hata leo Kibera na Bombo. Jirani yake liko soko la Konyo Konyo, na mtu apitaye baina ya soko na mtaa hukutana na bidhaa zilizopakiwa Kampala zikavushwa mpaka wa Nimule, na husikia Kibari, Kidinka, Kisomali, Kiamhari, na Kiswahili kilicholetwa na wafanyabiashara wa kusini na watu waliorudi kwao kutoka kambi ya Kakuma. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Soko lilikuwa limekwisha kutangulia.

Nimeanza na soko kwa makusudi. Hila ninayotaka kuieleza katika sura hii hutendeka ndani ya mashine, mbali na macho ya mwenye kudhulumiwa, na walioandika habari zake aghalabu ni mafundi wanaozungumza na mafundi wenzao. Lakini asili yake ni ya sokoni, na mtu aliyewahi kushughulika na dalali ataifahamu upesi kuliko msomi wa kompyuta asiyewahi kuuza hata kibiriti.

Dalali huajiriwa kwa njia nyingi. Mwenye mali aweza kumlipa kwa kila bidhaa iliyouzwa, aweza kumlipa kwa siku, apige mbiu na kwenda zake, na aweza kumwambia, "Nitakulipa kwa kila mtu utakayemfikisha mlangoni pangu, anunue asinunue." Mapatano haya ya tatu yana insafu ndani yake, kwa sababu kazi ya dalali ni kuleta watu na kazi ya mwenye duka ni kuuza, na kila mmoja hulipwa kwa jasho lake. Lakini yana mlango wa nyuma. Dalali asiye mwaminifu atawaleta binamu zake, wapite mlangoni, waguse bidhaa, waulize bei, kisha watoke. Na jioni atadai ujira wake kamili. Watu walikuja kweli, na hesabu yao ni sahihi. Haja ndiyo haikuwepo. Na jirani mwenye duka kama lile, akiwa na husuda, aweza kutenda jambo lilo hilo bila ya kutaka ujira wowote: atawatuma watu wa bure wazimalize fedha ambazo mwenzake amemwekea dalali, zikauke kabla ya adhuhuri, ili mushtiri wa kweli wa alasiri asiwe na njia ila ya kuelekea kwake.

Tangazo la mtandaoni linalolipiwa kwa kila mbofyo ni mapatano hayo ya tatu, yamehamishwa kutoka mlangoni hadi kwenye kioo cha simu. Aliyeyaanzisha kwa mapana ni Bill Gross wa Pasadena, California, ambaye mwaka 1998 alifungua mtambo wa kutafutia habari ulioitwa GoTo.com. Kabla yake wafanyabiashara wengi walilipa kwa kila mara elfu moja tangazo lilipoonyeshwa, kama mtu alipaye ukuta wa njia panda bila kujua nani aliutazama. Gross akawaambia walipe pale tu mtu atakapolibofya tangazo na kuingia dukani mwao. Kampuni hiyo, ambayo baadaye iliitwa Overture, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2003. Google nayo ilianza kuuza matangazo yake mwaka 2000, ikayaingiza katika malipo ya kila mbofyo mwaka 2002, na mwaka 2003 ikaleta jambo lililobadili sura ya biashara nzima: ikamruhusu mwenye tovuti yoyote, hata iwe ndogo namna gani, kuweka humo matangazo ya watu asiowajua na kupata fungu la kila mbofyo. Siku hiyo madalali wakawa mamilioni. Na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na kidole chake mwenyewe, na ndugu wenye vidole, na baadaye mashine zenye vidole visivyochoka, mlango wa nyuma ukawa mpana kuliko wa mbele.

Na tufikirie, kwa mfano, mwenye duka la Malakia auzaye sola na betri, bidhaa ambazo Juba hazikosi mtu wa kuzihitaji. Ameweka tangazo kwenye mtandao, akakubali kutumia dola 5 kwa siku, na kila mbofyo unamgharimu senti 10. Fedha yake inatosha watu 50. Iwapo mpinzani wake, au kijana aliyetumwa na mpinzani wake, atalibofya tangazo hilo mara 50 kwa simu mbalimbali kabla ya saa tatu asubuhi, basi tangazo litatoweka siku nzima, na mama wa mtaa wa Gudele ambaye friji yake imezima, akitafuta betri saa nane mchana, hataliona. Mwenye duka hatajua kwamba ameibiwa. Atajua tu kwamba watu 50 walikuja wala hakuna aliyenunua, na huenda akaziona bei zake kuwa ndizo zenye makosa, azipunguze. Hivyo hasara ya kwanza ikazaa ya pili. Mwizi wa kawaida humwachia mtu walau elimu ya kuwa ameibiwa, na huyu huichukua hata hiyo.

Hofu ya jambo hili iliwafikia wakubwa wa biashara hiyo mapema. Desemba 2004 George Reyes, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Google, alisema mbele ya wawekezaji kwamba mibofyo ya uongo ni tishio kubwa kwa uchumi wa mtandao na kwamba lazima dawa ipatikane haraka. Mwaka uliofuata duka moja la Texarkana, katika jimbo la Arkansas, liitwalo Lane's Gifts and Collectibles, lilifungua mashtaka dhidi ya Google na wenzake kwa niaba ya wafanyabiashara wote waliotozwa fedha kwa mibofyo isiyo ya haki. Shauri hilo lilimalizwa kwa suluhu mwaka 2006, Google ikakubali kutoa hadi dola milioni 90: milioni 30 kwa mawakili, na zilizosalia kwa wafanyabiashara, tena ziwe haki ya kuweka matangazo mengine, wala zisitolewe fedha taslimu. Ningependa msomaji aikumbuke suluhu hiyo, maana nitairejea.

Katika shauri hilo mahakama ilipokea taarifa ya Alexander Tuzhilin, profesa wa Chuo Kikuu cha New York, aliyeruhusiwa kuingia ndani ya Google na kutazama jinsi walivyopambana na hila hii. Alisema juhudi zao zilikuwa za kuridhisha. Lakini alisema pia jambo lililo zito zaidi, nalo ni kwamba mibofyo mingine haiwezi kuhukumiwa kwa yakini, kwa sababu uhalali wake unategemea nia ya mbofyaji, na nia haionekani. Wanafunzi wa vyuo vya Kurani wa pwani yetu hufundishwa tangu utoto kwamba mahali pa nia ni moyoni. Kompyuta huona mahali pa kidole tu. Huona kwamba tangazo limebofywa saa fulani, kutoka anwani fulani ya mtandao, kwa simu ya namna fulani. Huweza kushuku mibofyo kumi iliyofuatana kwa sekunde kumi, au mgeni aingiaye tovutini akatoka kabla ukurasa haujafunguka. Lakini hapo hufika ukomo wake, na baada ya hapo ni kukisia. Biashara nzima imejengwa juu ya kununua na kuuza haja ya moyo kwa kipimo cha kidole, na kwa rai yangu hapo ndipo penye ufa, wala hakuna fundi atakayeuziba kabisa maadamu kipimo ni hicho.

Wadanganyifu waliutambua ufa huo, wakaanza na vidole vya binadamu kwa kuwa vilipatikana rahisi. Mwaka 2004 gazeti la The Times of India liliandika habari za mama wa nyumbani na wahitimu wa vyuo waliokaa nyumbani wakibofya matangazo kwa ujira wa senti chache kila mbofyo. Miaka tisa baadaye ikajulikana kwamba mjini Dhaka, Bangladesh, kulikuwa na watu waliokaa katika vyumba vidogo, wakibofya alama za kupenda kurasa za watu wasiowajua, na kulipwa dola moja kwa mibofyo elfu. Mwezi wa Juni 2017 polisi wa Thailand, karibu na mpaka wa Kambodia, waliingia katika nyumba iliyokuwa na mamia ya simu zilizopangwa kwenye vyuma kama sahani kabatini, pamoja na laini zaidi ya 347,000. Siwezi kumhukumu mfanyakazi wa Dhaka sawasawa na aliyemwajiri. Mtu abofyaye mara elfu ili apate dola moja ni mdhulumiwa wa kwanza katika dhuluma hiyo, na mwenye duka ni wa pili.

Kisha wakaja matapeli wa aina nyingine, waliouza kazi yenyewe ya kubofya. Traffic Monsoon, kampuni ya mtu mmoja wa Utah aitwaye Charles Scoville, iliwauzia watu vifungu vya matangazo kwa dola 50 kila kimoja, ikiwaahidi watavuna dola 55 mradi wabofye matangazo 50 kila siku. Tume inayosimamia biashara ya hisa Marekani ilipoifikisha mahakamani mwaka 2016, ilionekana kwamba imekusanya zaidi ya dola milioni 200, kwamba karibu mapato yake yote yalitokana na fedha za wanachama wapya zikilipwa kwa wa zamani, na kwamba tisa katika kila wanachama kumi walikuwa nje ya Marekani, wengi wao katika nchi maskini. Mibofyo yao haikumfaa muuzaji yeyote, maana waliobofya walikuwa ni hao hao waliotangaza. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoletewa leo habari, kwa WhatsApp na Telegram, za kazi ya kutazama na kubofya matangazo baada ya kulipa ada ya kuingia, wanaletewa mtego uliokwisha kuhukumiwa.

Lakini vidole vya watu vina gharama, na vyahitaji usingizi. Mashine haihitaji. Mwezi wa Novemba 2011 polisi wa Estonia, wakishirikiana na wapelelezi wa Marekani, waliwakamata watu sita waliokuwa wameambukiza kompyuta zipatazo milioni nne katika nchi zaidi ya 100. Kirusi chao kilibadilisha daftari la anwani ambalo kompyuta hutumia kuijua njia ya kila tovuti, hata mtu aliyebofya jambo moja akapelekwa pengine, na ujira wa mbofyo wake ukaingia mifukoni mwao: dola milioni 14 kwa jumla. Kiongozi wao, Vladimir Tsastsin, alifungwa miaka saba na miezi mitatu mwaka 2016. Kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi wapelelezi waendelee kuliendesha daftari hilo la uongo kwa njia ya halali, ili wenye kompyuta wasikatikiwe na mtandao kwa ghafula, mpaka lilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, siku ambayo Juba ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa kwanza wa uhuru wa Sudan Kusini.

Aliyefika mbali zaidi ni Mrusi Aleksandr Zhukov, ambaye hakuambukiza kompyuta ya mtu. Alikodi zake, zaidi ya 1,900, akazifundisha kujifanya watu: zisogeze kishale cha kipanya, zitembeze ukurasa juu na chini, zitazame video ya tangazo kisha ziisimamishe katikati, zionekane kana kwamba zimeingia Facebook. Akatengeneza na nakala za uongo za maelfu ya tovuti mashuhuri, wafanyabiashara wakalipa zaidi ya dola milioni 7 kwa matangazo ambayo hayakuonwa na jicho la kiumbe. Alikamatwa Bulgaria mwaka 2018, na mwaka 2021 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka kumi. Mwenyewe alikuwa akijiita mfalme wa ulaghai.

Sasa nirudi kwetu, maana msomaji wa Malakia aweza kusema kwamba hizo ni habari za Waestonia na Wamarekani. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa simu iitwayo Upstream ilitangaza kwamba simu za aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu mbili za hila, Triada na xHelper, zilizokuwamo kabla mnunuzi hajalifungua boksi. Programu hizo ziliomba huduma za kulipia kwa jina la mwenye simu naye hana habari, amelala au yuko shambani, na kumla salio. Na xHelper haikuondoka hata simu ilipofutwa ikarudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Upstream ilisema kwamba tangu Machi 2019 ilikuwa imezuia maombi ya namna hiyo yapatayo milioni 19.2, kutoka katika simu zaidi ya laki mbili. Kampuni yenye jina hilo la simu, Transsion ya Shenzhen, ambayo huuza simu nyingi Afrika kuliko kampuni yoyote nyingine, ilijibu kwamba lawama ni ya mmoja wa watu wa kati katika msafara wa utengenezaji, na kwamba dawa ya kusafisha simu hizo ilikwisha kutolewa.

Habari hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote katika sura hii. Simu ile ilipendwa kwa sababu ya bei yake, dola 30 hivi, nayo ilinunuliwa na watu ambao dola 30 kwao ni jasho la siku nyingi. Mtu huyo akaweka vocha, akanunua bando, na bando likaisha kabla ya siku yake. Akamlaumu mtoto kwa kuchezea simu, akaulaumu mtandao, akaweka tena. Mwizi aliyekuwa akimla alikuwa ndani ya simu aliyoilipia mwenyewe. Katika mapatano ya zamani dalali mwongo alilazimika walau kuwalisha binamu zake chakula cha mchana. Huyu wa leo amempata binamu ambaye anajigharimia mwenyewe, hajui kama ametumwa, na anatoka katika tabaka la watu wasio na cha ziada cha kupoteza.

Kuna dhara nyingine isiyotajwa sana. Wenye mitambo, wakishindwa kuiona nia, hushuku mahali. Watumiaji wengi wa simu katika kampuni moja hutoka mtandaoni kwa anwani moja ya kugawana, hivyo watu wa mtaa mzima waweza kuonekana na mashine kama mtu mmoja abofyaye bila kupumzika. Kijana wa Juba mwenye tovuti ya kweli, aandikaye habari za bei za sokoni au za mpira, wasomaji wake wakiwa wengi wa mji mmoja na kampuni mbili tatu za simu, aweza kufungiwa akaunti na mapato yake kuzuiwa, kisha akapata barua fupi isiyomweleza kosa. Waongo wakubwa wana fedha za kukodi anwani za miji ya mbali. Mkweli wa Malakia hana ila anwani yake.

Mwenye duka afanye nini? Daftari la mashine lisiwe ndilo daftari lake pekee. Kila anayepiga simu au kuingia dukani aulizwe amepataje habari, na jibu liandikwe kwa mkono, tarehe na saa. Mwisho wa mwezi daftari hilo liwekwe kando ya hesabu ya mtandao. Tangazo la duka la Juba lifungwe lionekane Juba, maana mbofyo wa mtu asiyeweza kufika Konyo Konyo hauna haja ndani yake hata ukiwa wa kweli. Na tofauti ikiwa kubwa, adai: Google hurudisha fedha za mibofyo iliyoitambua kuwa batili, na hupokea maombi ya uchunguzi.

Lakini mtu mmoja adaiye dola 5 kwa siku ana sauti ndogo. Sheria tunazo: Uganda ilitunga yake ya makosa ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania mwaka 2015, Kenya mwaka 2018, na Sudan Kusini ikatoa amri yake ya muda mwaka 2021, na ulaghai kwa njia ya kompyuta umo ndani ya sheria hizo. Kisichokuwapo ni mdai. Wale wa Texarkana walipata haki yao, japo ilikuwa pungufu, kwa sababu duka moja dogo la zawadi lilisimama kwa niaba ya maduka yote, na hasara za senti zikajumlishwa mpaka zikawa mamilioni ambayo kampuni kubwa haikuweza kuyapuuza. Nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wa Juba, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wakusanye madaftari ya wanachama wao, wayalinganishe, na waende pamoja kudai.